Maji ya Nne

Ubaoni kwa Anaeli, buchani Kiborloni,
chaki imeandika: HAMU, KILO ELFU KUMI NA NANE.
Nikacheka. Akasema hajakosea,
ndivyo wateja wanavyotamka,
na Desemba, dada, si ndiyo inayowaleta nyumbani?

Mimi nimekuja na ulimi wa mwaka jana.
Mwaka jana paja lilituchoma midomo,
mtoto wa Elinami akalia, wageni wakasifu kwa adabu,
na baba akaamka saa nane ya usiku, tena saa tisa,
kikombe mkononi, akihema mlangoni pa jiko.
Januari daktari akampima presha, akapima tena,
akavua miwani.

Kwa hiyo leo sinunui sura.
Hili limetoa ungaunga mweupe pembeni
kama ukuta uliopandwa na unyevu. Hapana.
Hili limekakamaa, kidole hakizami. Hapana.
"Hili lililala siku ngapi kwenye pipa?"
"Kumi na mbili."
"Na lile la nyuma?"
Anaeli akajikuna shingo. "Lile, sita. Niliishiwa chumvi."
Basi nipe hilo la ukata wako.
Ila kwanza kata kipande chembamba, kiweke pale kwenye mkaa;
silipii kitu ambacho ulimi haujakishuhudia.

Mama hakuwahi kuuliza siku.
Alitia chumvi kwa kiganja, akanyamaza kidogo, akatia tena,
kwa kuwa friji haikuwapo, na paja lilitakiwa lifike
Mwaka Mpya likiwa bado na heshima zake.
Chumvi yake ilikuwa hesabu ya watu:
wanaokuja,
na wale wasiosema kama wanakuja.

Beseni la bluu. Maji ya bomba, baridi ya mlimani
inayouma hadi kwenye pete.
Maji ya kwanza, saa mbili usiku, nachovya kidole:
Tanga kabisa.
Namwaga mbali na migomba.
Ya pili, saa sita: Korogwe. Ukali umepungua, safari bado.
Simu inaita. Elinami. Wamepita Mombo,
watoto wamelala, tairi limezibwa,
anauliza kama nimenunua lile lile la mwaka jana.
Ya tatu, saa tisa: Same.
Chumvi ipo, lakini kwa mbali,
kama mtu anayekuita akiwa ng'ambo ya barabara na upepo unavuma.
Ya nne, jogoo wa kina Manka ameshawika mara mbili.
Naonja. Naonja tena.
Maji ni maji.
Na taa za gari zinakata kona kwenye ua wa masale.

Yaliyobaki ni subira.
Sufuria kubwa, moto wa aibu, lisichemke bali litetemeke,
tangawizi, karafuu saba, kitunguu kizima na ganda lake.
Kisha ngozi ivuliwe, mafuta yachanjwe,
asali na ndimu juu, mkaa chini, mkaa kwenye mfuniko.
Mke wa Elinami ananyoosha mkono kwenye kopo la chumvi,
mazoea tu.
Namshika kiwiko. Tunacheka wote wawili.

Mezani baba alitafuna muda mrefu.
Tulimtazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.
"Laini," akasema. "Imekubali."
Akaongeza kipande, akaongeza kingine,
watoto wakagombania mfupa.

Na jagi la maji, lile lenye maua yaliyofifia,
ambalo kila Krismasi lilijazwa mara nne, mara tano,
mama akinyanyuka, akirudi, akinyanyuka tena
kabla hajapata kukaa,
lilibaki katikati ya meza, limejaa hadi shingoni.
Hakuna aliyekuwa na kiu.
Jioni ilipoingia, baba alilivuta karibu,
akajimiminia nusu glasi,
akainywa.